Programu huria shuleni Kasulu: bure yenye nauli

Maabara ya kompyuta niliyoingia mwezi uliopita, katika sekondari moja nje kidogo ya Kasulu, ina mashine kumi na mbili. Saba zinawaka. Fundi wa mjini amezipiga Windows iliyochakachuliwa mara tatu, na kila mara virusi vya flashi vimerudi kabla muhula haujaisha. Mwalimu wa TEHAMA anataka zote zihamie Ubuntu, mfumo huria wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Mkuu wa shule hataki. Nimewasikiliza wote wawili, na hakuna mjinga kati yao.

Mwalimu ana hoja nzito. Ubuntu, LibreOffice ya kuandikia badala ya Word, GeoGebra ya hisabati: hakuna leseni ya kununua wala ya kuiba. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa mashine nyingi kuukuu, zikiwemo hizi tunazoletewa za msaada. Nyenzo nazo zipo. Kolibri, programu ya masomo, inakaa kwenye kompyuta moja na video zake na mazoezi, nyingine zinachota humohumo darasani bila intaneti. Kiwix inafanya hivyo kwa Wikipedia.

Kwenye hilo "zipo" ndipo penye kazi. Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha zake ni kama gigabaiti 100. Piga hesabu ya bando. Njia iliyobaki ni kununua diski ya nje na kumpa mtu anayekwenda Dar, arudi nayo imejaa. Programu ni bure, nauli si bure.

Mkuu wa shule yeye alinionyesha karatasi. Mtihani wa fizikia wa kidato cha pili ulichapwa kwa LibreOffice, ukafunguliwa staishenari kwa Word: mchoro wa sakiti umeangukia juu ya swali la tisa, jedwali limekatwa ukingoni. Saa mbili usiku, mtihani kesho asubuhi. Hilo lina dawa nyepesi, kuhifadhi kwa PDF kabla ya kutoka shuleni. Analoliogopa zaidi ni jingine: mwalimu huyu akihamishwa, Ubuntu ikigoma ataifufua nani? Mafundi wa hapa wamezoea Windows.

Mimi naegemea upande wa mwalimu, ila si kwa mkupuo. LibreOffice na GeoGebra zinafanya kazi ndani ya Windows ileile, zianze hizo. Ubuntu ipewe mashine mbili, na wale vijana wawili watatu wasiobanduka maabara wafundishwe kuiweka upya kwa flashi, mara kumi ikibidi.

Diski ya nje mkuu amekubali iingie kwenye bajeti. Anayekwenda Dar bado hajapatikana.