Octavia Butler Hakuwa Nabii

Siku hizi ni shida kumtaja Octavia Butler, mwandishi Mweusi wa Marekani wa hadithi za kisayansi, bila mtu kuchomekea neno "nabii". Riwaya yake Parable of the Sower, iliyotoka 1993, inaanza mwaka 2024: California imekauka, moto unateketeza makazi, watu wamejifungia ndani ya kuta. Katika riwaya iliyoifuata, ya 1998, yumo mgombea urais anayeahidi kuirudishia Marekani ukuu wake. Ukiisoma leo mwili unasisimka.

Hata hivyo sifa hiyo inaniudhi. Nabii huteremshiwa, Butler alichimba. Alikata vipande vya magazeti, akashinda maktaba, na mwenyewe alieleza kwamba alitazama tu matatizo yaliyopuuzwa akayapa miaka kama 30 yakomae.

Jasho hilo alilizoea mapema. Alizaliwa Pasadena mwaka 1947, baba akafariki yeye angali mdogo, mama akamlea kwa kufanya kazi za ndani katika nyumba za Wazungu. Alikuwa mwenye haya, kusoma kukimpa taabu, lakini alipofika miaka 10 akamwomba mama taipureta, na mama akainunua. Baadaye aliosha vyombo, akakagua viazi vya kukaanga kiwandani, akiamka saa nane usiku ili aandike kabla ya kwenda kibaruani.

Kwangu mimi, kazi yake kubwa ni riwaya ya Kindred, ya 1979, na hiyo haitabiri lolote. Utotoni alimwona mama yake akiingia kazini kwa mlango wa nyuma, akisemwa vibaya, akinyamaza. Butler alikiri kwamba aliona aibu. Chuoni akamsikia kijana Mweusi akiwalaani wazee kwa unyonge wao, ndipo akataka kumtwaa mtu wa zama zake na kumtupa utumwani. Dana, mwanamke Mweusi wa 1976, anavutwa hadi shamba la watumwa Maryland, na kila mara inambidi amwokoe Rufus, mtoto wa bwana shamba, kwa kuwa bila Rufus ukoo wake mwenyewe hautazaliwa. Dana, mjanja wa Los Angeles, anajifunza kuinamisha kichwa haraka kuliko alivyodhani. Safari ya mwisho anarudi bila mkono mmoja. Hakuna mashine wala kanuni inayoeleza anasafirije, na Butler alikataa kuiita hadithi ya kisayansi, eti haina sayansi. Sawa, ila bado wauza vitabu wanaipanga huko huko.

Mwaka 1995 alipata tuzo ya MacArthur, ya fedha wanazopewa watu wenye vipaji vya pekee Marekani, akiwa wa kwanza miongoni mwa waandishi wa hadithi za kisayansi. Alifariki 2006, akiwa na miaka 58.

Utabiri wake ninaoukubali ni mmoja. Mwaka 1988 aliandika daftarini kwamba vitabu vyake vitaingia katika orodha ya vinavyouzwa zaidi, kisha akajiamuru ahakikishe inakuwa hivyo. Parable of the Sower iliingia orodha ya New York Times mwaka 2020.