Jerusalem jukwaani: wimbo wa vita usigeuzwe wa amani

Mwaka 2008 Jordi Savall, mwanamuziki wa Catalonia, na mkewe Montserrat Figueras walitoa kazi kubwa kuhusu Jerusalem. Waliwakusanya Wayahudi, Wakristo na Waislamu, wakaweka pamoja zaburi za Kiebrania, nyimbo za Vita vya Msalaba (vita vya Wakristo wa Ulaya vya kuiteka nchi hiyo), muziki wa Kituruki na kisomo cha mwanzo wa Suratul Israa. Tangu hapo vikundi vingine vya muziki wa kale vimefuata njia hiyo. Je, tunachosikia ni historia au ni matamanio?

Wanaoitetea wana hoja nzito. Udi, ule ule tunaousikia kwenye taarab, ndio uliozaa luti, ala ya nyuzi ya Ulaya. Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walipokelewa katika dola ya Uthmaniya ya Waturuki, wakaendelea kuimba Kihispania chao cha kale huku wakijifunza makamu, yaani mitindo ya sauti, za majirani zao. Ushirika huo ulikuwepo kweli.

Lakini mwaka 1099 Wanamsalaba, wapiganaji wa vita hivyo, walipoiteka Baitul Makdisi, yaani Jerusalem, waliwachinja Waislamu na Wayahudi, na nyimbo za kuhimiza safari hizo za vita ni sehemu ya urithi huo huo. Chukua wimbo wa Palestina wa mshairi Mjerumani Walther von der Vogelweide, wa mwanzoni mwa karne ya 13. Sauti yake ni tamu mno. Maneno yake yanasema Wakristo, Wayahudi na wapagani, yaani Waislamu, wote wanadai nchi ile ni urithi wao. Kisha mshairi anahitimisha kwamba haki iko upande wa Wakristo. Siku hizi hupigwa mara nyingi kwa ala tupu, na ngoma za Mashariki huongezwa chini yake. Dai linapotea, unabaki utamu. Hapo ndipo ninapokataa.

Savall mwenyewe hakuficha: katika kazi yake aliuweka wito wa vita wa Papa Urban II wa mwaka 1095. Kwa hilo namheshimu. Kuhusu kisomo, Waislamu wengi wanaona Kurani si wimbo wa kupangwa kati ya nyimbo, na pingamizi lao lastahili kusikilizwa kabla ya tamasha kupangwa.

Wimbo wa Walther uendelee kupigwa. Ila uimbwe na maneno yake, tafsiri iwe mkononi mwa kila msikilizaji, ili Myahudi na Mwislamu waliokaa ukumbini wajue walivyotajwa.