Tando za kuchuja majitaka: Mbeya tuanzie wapi?

Kiangazi kikikaza, bustani za chainizi na figiri kando ya vijito vya Mbeya huendelea kumwagiliwa, na vijito hivyo hupokea uchafu wa mji. Ndiyo maana wanaotaka tujenge mitambo ya tando, yaani ngozi nyembamba zenye vitundu vinavyopitisha maji na kuzuia uchafu, wana hoja nzito. Utando wa kuchujia majitaka kwa kawaida una vitundu vya mikroni 0.01 hadi 0.4 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Bakteria wengi wanazidi nusu mikroni, na mayai ya minyoo ni makubwa zaidi, hivyo hayapenyi. Windhoek, Namibia, walianza kugeuza majitaka kuwa maji ya kunywa mwaka 1968, na mtambo wao wa 2002 unatumia tando.

Lakini utando hautaki uzembe. Tope, mafuta ya jikoni na ute wa bakteria huuziba, kwa hiyo unasafishwa mara kwa mara kwa hewa, klorini na asidi, na hatimaye unabadilishwa. Pampu zinataka umeme usiku na mchana. Halafu kuna baridi yetu ya Juni na Julai: maji yakipoa huwa mazito kidogo na hupita polepole. Mtambo unaotosha Dar es Salaam utahitaji tando nyingi zaidi huku ili utoe maji yaleyale. Muuzaji asiyelisema hilo mapema asisainiwe mkataba.

Mabwawa ya kusafishia majitaka ya Kalobe, hapa Mbeya, hayasubiri umeme. Majitaka hutulia, mayai ya minyoo huzama, jua huua vijidudu. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi bakteria 1,000 wa kinyesi kwa mililita 100, wala yai moja la minyoo kwa lita. Mabwawa yaliyosanifiwa vizuri na kuzolewa tope kwa wakati hufikia kiwango hicho, tena humwachia mkulima naitrojeni ya bure. Tatizo lake ni ardhi. Yanataka eneo kubwa, na mji unazidi kutanuka.

Kwa maoni yangu, tando zianzie kwenye viwanda vya Iyunga, penye jenereta, mafundi na bili ya maji ya kupunguza. Fedha za umma ziende kwanza kwenye mabwawa na mabomba, maana kaya nyingi bado zinatumia vyoo vya shimo na majitaka yake hayafiki kwenye mtambo wowote. Na maji yanayotoka bwawani yapimwe kila mwezi, majibu yabandikwe ofisi ya kata, mkulima ayasome kabla hajafungulia mfereji.