Binti karudishwa nyumbani, waliosambaza wako darasani

Nimetoka kwenye kikao cha wazazi cha shule moja ya sekondari hapa Mtwara mjini na hasira bado haijanishuka. Ajenda ilikuwa maadili na matumizi ya simu. Picha ya utupu ya binti wa kidato cha pili imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, Shangani mpaka Mikindani, na uongozi ukatutaarifu kwamba binti ameandikiwa barua akae nyumbani mpaka atakapoitwa, ili kulinda heshima ya shule. Makofi yakapigwa. Baba mmoja aliyekaa benchi la mbele yangu, makofi yakiendelea, alikuwa anamwonyesha jirani yake picha hiyo hiyo kwenye simu.

Mtu mzima, ana picha ya utupu ya mtoto wa mwenzake mfukoni, na yuko kwenye kikao cha maadili.

Kisha mwalimu akasimama kutueleza kuwa shule ilishaleta mtaalamu wa kuwafundisha watoto usalama mtandaoni: nywila iwe ngumu, usichati na usiyemjua, usianike taarifa zako. Sina ugomvi na hayo. Ila somo lenyewe watoto wale wamelipata siku barua ile ilipoandikwa, na kila binti wa pale amelielewa: likikukuta, nyamaza. Ukisema, utakayeondoka ni wewe.

Hapa ndipo ninapotaka wazazi wenzangu tukae kidogo. Mtoto anayetishwa na mtu mwenye picha yake, anayeambiwa atume nyingine, au atume elfu hamsini, au aje gheto jioni, ana mambo mawili ya kufanya. Amtii, au amwambie mtu mzima. Akitii leo, kesho yule ana kitu kingine cha kumtishia, na keshokutwa kingine. Kwa hiyo usalama wake wote uko kwenye kumwambia mtu mzima, na huko ndiko sisi tunakoziba. Tunaziba kwa fimbo, kwa barua, kwa kunyang'anya simu, kwa "si nilikwambia?" Anayetisha watoto wala hahitaji ujanja wa kompyuta. Anachohitaji ni mtoto aamini kwamba baba na mwalimu watamfanyia vibaya kuliko yeye. Na sisi tukamthibitishia jambo hilo mbele ya mkutano, kwa makofi.

Mwaka 2022 ECPAT, mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa watoto kingono, pamoja na INTERPOL, polisi wa kimataifa, na UNICEF walitoa ripoti yao kuhusu Tanzania. Walikuta asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti, na kwamba wanaowanyanyasa kingono kupitia mtandao mara nyingi ni watu ambao mtoto anawafahamu tayari. Wala haihitaji ripoti kuyaona hayo Mtwara. Mwanafunzi haruhusiwi kwenda na simu shuleni, kwa hiyo anaingia mtandaoni kwa simu ya mama baada ya chakula cha usiku, au ya kaka, au ile aliyonunuliwa kimya kimya na kijana wa watu msimu wa korosho, minada ikishalipa na vijana wa Tandahimba na Newala wakawa na fedha mkononi. Picha inavuja kwa huyo huyo kijana wakigombana. Inavuja kwa rafiki aliyeazima simu apige mara moja tu. Inavuja kwa fundi aliyepelekewa simu abadilishe kioo, akapewa na nywila juu. Ukimfundisha binti kuwaogopa watu wa mbali asiowajua, hawa wote watatu hawamo kwenye somo lako.

Na kama ni ufundi wenyewe, tufundishe unaogusa maisha yake. Ukifuta ujumbe "kwa wote" hukuzifuta nakala ambazo watu wameshazituma kwingine au kuzipiga skrinshoti. Picha ya kuangaliwa mara moja inapigwa picha na simu ya pili. Akaunti ya WhatsApp inaweza kufunguliwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine kwa kuskani msimbo tu, kwa hiyo atazame mara kwa mara orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mtu akitisha, asifute mazungumzo kwa hofu. Ahifadhi namba, tarehe na maneno yaliyoandikwa, maana huo ndio ushahidi.

Sasa sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015, na watu wengi huku wanaifahamu kama sheria ya waliokamatwa kwa kuposti siasa. Humo humo, kifungu cha 13 kinakataza kuchapisha ponografia ya watoto kupitia mfumo wa kompyuta, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Kifungu cha 23 kinahusu uonevu mtandaoni. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo imeshasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Ziweke pamoja halafu utazame tena kile kikao: mtoto aliyeanikwa yuko nyumbani, na wazazi waliofowadi walipewa soda. Sisemi wanafunzi waliosambaza wapelekwe jela, nao ni watoto wetu. Nasema wanatakiwa kujua walichofanya kina jina kwenye sheria za nchi, na mpaka leo hakuna aliyewaambia. Kwenye kikao halikutajwa kabisa. Mzee mmoja aliuliza, "Na walioituma je?" Akajibiwa muda umekwisha.

Watasema binti alijipiga mwenyewe na akaituma kwa hiari. Inawezekana. Nitakubali hata kwamba amekosea na kwamba mama yake ana haki ya kumkalisha chini amseme. Lakini alimtumia mtu mmoja. Walioipeleka picha kwa watu wengine mia si yeye, na kosa la kumwamini mtu mmoja ukiwa na miaka kumi na tano haliwezi kuwa kubwa kuliko lao. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi darasani. Tumekubali kama taifa kwamba binti aliyezaa asome. Leo tumfungie geti mwenzake kwa ajili ya picha? Heshima gani ya shule inayolindwa kwa kumkosesha mtoto vipindi wakati upimaji wa kidato cha pili unakuja?

Huku Kusini hatujaanza jana kuwalea watoto kwenye mambo ya aibu. Mwari alikuwa na kungwi wake, na kazi ya kungwi haikuishia ndani. Jambo ambalo mtoto hawezi kulitamka mbele ya mama mzazi alilipeleka kwake, naye akajua namna ya kulifikisha bila kumwaibisha mtoto. Najua yanayosemwa juu ya unyago, na mengine ni kweli. Kuna watoto wadogo mno wanaofundishwa mambo ya kitandani wakati wa likizo, na hilo mimi silitetei hata kidogo. Lakini ile nafasi ya mtu mzima anayesikiliza jambo la aibu bila kupiga kelele tumeiacha ipotee, halafu tumewapa watoto simu. Mwanangu mkubwa nilipomuuliza juzi kwamba likimpata jambo kama hili angemwendea nani shuleni, alifikiri muda mrefu akaniambia, "Hakuna, mama." Shule ina mwalimu wa ushauri na unasihi. Watoto wanamjua kwa jina, ila wanamjua pia kuwa ndiye mwalimu wa nidhamu. Kofia hizo mbili hazikai kichwa kimoja, na kulirekebisha hilo ni uamuzi wa asubuhi moja ofisini kwa mkuu wa shule.

Mengine nayataja tu. TikTok, Facebook na WhatsApp zinataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13, na wazazi wengi tunawafungulia watoto kwa umri wa uongo. Meseji za matapeli za "ile pesa tuma kwenye namba hii" watoto wanazijua kuliko sisi, wafundishwe tu kuziripoti kwenye namba 15040. Mzazi, bonyeza *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Vyumba vya kompyuta tunavitaka, Nanyamba wanavitaka zaidi, lakini tusivisubiri.

Walimu wamechoka, nalijua. Darasa limejaa, mtaala umebadilika, na sasa tunataka wawe pia walinzi wa simu ambazo tumenunua sisi. Mzigo huu siwatwishi peke yao. Ninachoomba hakihitaji bajeti. Shule itaje watu wazima wawili, mwanamke na mwanaume, wasiohusika na nidhamu, ambao mtoto anaweza kuwaendea. Iandikwe na isomwe paredi kwamba anayekuja kueleza alivyotishwa au alivyoanikwa hataadhibiwa kwa alichoeleza. Namba 116, ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure, ibandikwe penye macho ya watoto, hata vyooni ambako mtu anaisoma bila kuonekana. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto asiende peke yake, aende na mtu mzima anayemwamini.

Na kipindi cha kwanza kabisa wapewe wavulana. Wasichana wameshaambiwa kila kitu kuhusu kujitunza tangu wakiwa darasa la nne, hakuna walichobakiza kuambiwa. Wavulana ndio hawajawahi kuelezwa la kufanya dakika ile picha ya mwenzao inapoingia kwenye simu saa nne usiku na grupu zima linacheka. Waambiwe usifowadi, usimwonyeshe hata aliyekaa pembeni yako, ifute, toka kwenye grupu kama admini hamwondoi aliyetuma, na kesho asubuhi mwambie mmoja wa wale walimu wawili ili binti apate msaada kabla picha haijafika mtaani kwao. Wafanyishwe mazoezi ya kumjibu rafiki anayesema "nitumie na mimi", maana hapo ndipo wengi wanaposhindwa, kwa kuogopa kuitwa mshamba. Hayo yanatosha kwenye kipindi kimoja cha dakika 40, na mwalimu yeyote mwenye chaki anaweza kuyafundisha wiki hii. Baba zao waje wakae nyuma ya darasa wasikilize.