Mwongozo wa programu ufunguke hata bila intaneti

Kikundi chetu hapa Mtwara kinatengeneza programu huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote) ya kuandikia uzito wa korosho zinapopokelewa kwenye ghala la chama cha msingi. Msimbo unakwenda vizuri. Kinachotugawa kwa sasa ni zana ya kujengea tovuti ya mwongozo. Wenzangu wengi wanaitaka Docusaurus, na sababu zao si za kubeza. Mimi nasimama na Sphinx.

Naanza na msomaji, kwa sababu naona mjadala wetu unamsahau. Mwongozo huu hatumwandikii mtaalamu wa Dar es Salaam. Tunamwandikia karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, huko Newala, Tandahimba au Nachingwea, msimu ukiwa umefunguliwa, magunia yamepangwa hadi nje na wakulima wanasubiri. Karani kaandika kilo 87 mahali pa 78 na anataka kujua asahihishe vipi kabla hajatoa stakabadhi. Umeme umekatika, mtandao unakuja na kupotea. Ukurasa usipofunguka dakika ile, mkulima anaondoka na karatasi yenye takwimu ya uongo, na malipo yake yatafuata karatasi hiyo.

Tusijidanganye kwamba hali hii hutokea kwa nadra. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na kabla mwezi haujafika katikati, nyaya za baharini za EASSy na Seacom nazo zikakatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Mwongozo uliokuwa umehifadhiwa kwenye kompyuta uliendelea kusomeka. Uliokuwa kwenye seva ya nje ya nchi peke yake haukuwa na msaada kwa mtu.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni hili: mwongozo mzima unakiliwe kwenye flashi, uchomekwe kwenye kompyuta yoyote, ufunguke kwa kivinjari na utafutaji wake ufanye kazi.

Docusaurus ilitoka Facebook mwaka 2017. Inapendeza kwa macho, inatunza matoleo na inakubali lugha nyingi. Lakini imejengwa juu ya React, maktaba ya JavaScript ya kutengenezea kurasa, na inategemea kurasa zitolewe na seva. Ukiifungua moja kwa moja kutoka kwenye folda ya flashi, viungo na mwonekano vinavurugika. Toleo la 3.5 lilileta njia ya majaribio ya kutatua hilo, ila mimi siwezi kumkabidhi karani kitu ambacho watengenezaji wenyewe bado wanakiita cha majaribio. Kuna na suala la bando. Vifurushi vya Node (mfumo wa kuendeshea JavaScript kwenye kompyuta) inavyovihitaji ni mamia ya megabaiti. Kweli, kusahihisha sentensi moja kunawezekana kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote, lakini anayetaka kuandika sura mpya na kuiona ilivyokaa lazima avipakue vyote. Kwa mwanafunzi wa Ruangwa anayejitolea, hiyo ni gharama tunayomtwisha sisi.

Zana nyingine, MkDocs, ni nyepesi mno, na ningeielewa nafsi yangu kama ingeichagua. Unaandika kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache za kupangia, mipangilio yote iko kwenye faili moja, na mgeni anaizoea mchana mmoja. Ila kwa matumizi ya flashi inabidi ubadilishe namna inavyopanga anwani za kurasa, na utafutaji haufanyi kazi hadi utumie Material, mwonekano wa tovuti uliotengenezwa na watu wengine, pamoja na plagini (kiongezo) yake ya nje ya mtandao. Halafu mwaka 2025 watengenezaji wa Material walitangaza kwamba nguvu zao wanazihamishia kwenye zana mpya, Zensical. Sitaki kuanza safari na gari ambalo fundi wake ameshaanza kuunda jingine. Hugo, zana ya tatu, ina kasi ya ajabu na ni faili moja tu, lakini kwa mwongozo wa matumizi kila kitu kinategemea mwonekano uliouchagua.

Sphinx ilitolewa mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za lugha ya Python. Faharasa yake ya utafutaji ni faili la JavaScript linalopakiwa pamoja na ukurasa, kwa hiyo utafutaji unafanya kazi hata kwenye flashi. Na una tabia inayotufaa sana sisi: usipolikuta neno lenyewe, unatafuta kipande hicho ndani ya maneno mengine. Karani akiandika "sahihisha" wakati mwongozo umeandika "kusahihisha" au "umesahihisha", anapata. Zana nyingi hutazama mwanzo wa neno tu, na Kiswahili mabadiliko yake mengi yako mwanzoni.

Jambo jingine ni lugha. Naamini kwa moyo wote kwamba mwongozo wa mtumiaji uandikwe kwanza kwa Kiswahili, Kiingereza kifuate kama tafsiri. Sphinx hutoa kila aya kwenye faili za gettext, mfumo wa kutafsiria programu na nyaraka. Ukibadilisha aya ya Kiswahili, ya Kiingereza huwekwa alama kwamba inahitaji kuangaliwa upya, kwa hiyo hakuna tafsiri iliyopitwa na wakati inayojificha.

Ubaya wake naujua. Lugha yake ya asili, reStructuredText, ni kali kwa nafasi na mistari, na imewakimbiza wengi. Dawa ni MyST, kiongezo cha Sphinx kinachowezesha kuandika kwa Markdown. Kutengeneza PDF kwa njia yake ya kawaida kunahitaji LaTeX, programu ya kupangia kurasa za kuchapa, ambayo ikisakinishwa yote ni gigabaiti kadhaa. Hiyo tuiache. Amri ya singlehtml hutoa mwongozo wote kwenye ukurasa mmoja, unachapwa kutoka kwenye kivinjari na kubandikwa ukutani karibu na mizani. Kwa simu kuna ePub, muundo wa vitabu vya kielektroniki.

Kuchapisha mtandaoni napendekeza Read the Docs, huduma ya kuhifadhi nyaraka mtandaoni, ambayo ni bure kwa miradi huria ingawa huweka matangazo. GitHub Pages, huduma ya tovuti ya GitHub, haina matangazo, lakini kazi ya kutunza matoleo inabaki kwetu, na karani ambaye hajasasisha programu anahitaji mwongozo wa toleo lile lile alilonalo. Picha za skrini zipunguzwe uzito kabla ya kuingia. Na kila tunapotoa toleo jipya, folda ya mwongozo ikiwa imefungwa kwa zip itoke siku hiyo hiyo na programu, ndani ya kifurushi kimoja, ili anayepeleka programu ghalani asiweze kuuacha mwongozo nyuma.