Chupa Ikishachorwa, Iacheni Ionekane

Nina chupa moja ya kioo, ya mdomo mpana na kifuniko cha bati, ambayo kwa muda mrefu ilivaa lesi kiunoni. Kila aliyeiona aliisifu lesi. Hakuna aliyejua kwamba chini yake pana doa lenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, mahali ambapo krimu ya kuchorea kioo ilipenya chini ya stensili, ile karatasi iliyokatwa umbo la mchoro, ikala nisipotaka iguse. Lesi ile ilikuwa bandeji.

Naanza na aibu hiyo kwa sababu nashuku chupa nyingi za mtindo wa kizamani tunazoonyeshana zina siri kama yangu. Kamba ya katani mizunguko kumi, kipande cha gunia, ufunguo wa shaba, vifungo vitatu, ua la karatasi, lebo iliyobabuliwa kingo, halafu juu ya yote tone la nta kama muhuri wa barua. Vua vyote hivyo na utakuta mojawapo ya mambo mawili: mchoro ulioharibika, au mchoro mzuri ambao mwenyewe hakuuamini. Siku hizi mimi niko upande wa wavuaji.

Tuelewane kwanza kuhusu krimu yenyewe, maana wengi wakiijaribu mara ya kwanza hudhani ni rangi nyeupe. Haipaki chochote. Ndani yake mna chumvi za floridi, na floridi ni miongoni mwa vitu vichache mno vinavyoweza kuila silika, hiyo hiyo iliyomo mchangani na ambayo ndiyo mwili wa kioo. Inamenya ngozi ya juu na kuacha vishimo vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona kimoja kimoja. Mwanga ukifika hapo haupiti moja kwa moja, unatawanyika, na sisi tunauona kama ukungu mweupe. Ndiyo maana ukungu huo haubanduki wala haupauki, hata uoshe chupa kila siku. Mkemia Carl Wilhelm Scheele aliliona jambo hili mwaka 1771 alipokuwa akitengeneza asidi ya haidrofloriki, ndugu mkali wa krimu yetu: chombo chake cha kioo kilikuwa kinaliwa na kile kile alichokuwa anakipika ndani yake. Tazama pia krimu inavyouzwa. Inakuja katika chupa ya plastiki, na sasa unajua kwa nini.

Hapa sina mzaha. Floridi haiishii juu ya ngozi. Inazama na kuifuata kalsiamu iliyomo mwilini, na maumivu yanaweza kuchelewa kuanza, hivyo mtu akadhani amepona kumbe bado. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho, fungua madirisha, watoto wakae mbali. Ikikugusa, suuza hapo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, kisha nenda hospitali ukawaambie wazi kwamba ni floridi, kwa sababu ina tiba yake, jeli ya kalsiamu glukonati, na si kila jeraha la moto hutibiwa hivyo. Na usiisuuzie kwenye sinki la kauri au la enameli. Mng'ao wa sinki ni kioo vilevile, nao utachorwa bila kuombwa.

Sasa kazi. Adui wa kwanza ni kidole chako mwenyewe. Alama ya mafuta ya kidole, hata kama huioni, huizuia krimu, na baadaye inajitokeza katikati ya ukungu kama kidirisha. Futa kwa spiriti, kisha shika chupa kwa mdomo na kitako tu. Stensili ya kubandika nakusihi uipe muda. Mimi huipitishia mgongo wa kijiko kila ukingo, hasa kwenye pembe za ndani za herufi, pale A inapokutana na mguu wake, kwa kuwa huko ndiko krimu hutafuta njia. Doa langu lilizaliwa kwenye mkia wa herufi R. Chupa ina mviringo, karatasi ya stensili haipendi mviringo, ikainuka kidogo kama kope la mtu anayesinzia. Niliona. Nikasema itakaa. Haikukaa.

Krimu ipakwe nene kama siagi kwa mtoto mpendwa, isipapaswe kama losheni. Muda hutegemea aina: nyingine hutaka dakika 1, nyingine 15, na maelekezo yaliyo kwenye chupa yake yana haki kuliko mimi. Kioo baridi huifanya ivivie, kwa hiyo chupa ikae kwanza kwenye maji ya vuguvugu, kisha ikaushwe vizuri. Aina nyingine za krimu unaweza kuzikwangua na kuzirudisha kwenye chupa yake kwa kazi ijayo, jambo linalofurahisha mtu mbahili kama mimi. Na usitake eneo kubwa. Ukipaka upande mzima wa chupa utapata michirizi na mawingu. Wenye kutaka vioo vikubwa vya ukungu hutumia mchanga unaopulizwa kwa nguvu, mbinu ambayo Mmarekani Benjamin Tilghman aliipatia hataza mwaka 1870. Krimu ni ya vitu vidogo: duara la yai lenye neno moja ndani, tawi lenye majani matano, mstari mwembamba chini ya shingo.

Kisha inakuja dakika ninayoipenda kuliko zote, na ambayo huwavunja moyo wanaoanza. Unasuuza krimu, unatazama, huoni kitu. Kioo ni kitupu. Nimeshuhudia mtu akipaka mara ya pili kwa hasira wakati kazi yake ilikuwa tayari. Maji yanajaza vile vishimo, na kwa kuwa yanaupitisha mwanga karibu kama kioo kinavyoupitisha, ukungu unatoweka. Futa, subiri. Kwanza ukingo wa herufi, kisha tumbo lake, kisha neno zima linajitokeza kana kwamba mtu amehemea kioo kutoka ndani.

Niambie basi, ukishaiona hiyo, unapata wapi moyo wa kuifunika kwa gunia?

Najua jibu: tunataka chupa ionekane ya zamani. Lakini zamani ya kioo imo ndani ya kioo chenyewe. Chupa kuukuu zina viputo vya hewa, zina mshono wa kalibu, zina rangi ya kijani na buluu hafifu inayotokana na chuma kilichokuwa mchangani. Nyingine zilitiwa madini ya manganizi ili zipoteze rangi hiyo, na zikikaa juani miaka na miaka hugeuka zambarau hafifu. Hata tarehe hudanganya. John Landis Mason alipata hataza ya chupa yake ya mdomo wa skrubu tarehe 30 Novemba 1858, na tarehe hiyo ikaendelea kupigwa chapa kwenye chupa kwa miongo mingi baadaye, hivyo kuisoma kwenye kioo hakukwambii chupa ilizaliwa lini. Ukipata moja ya kweli, tafadhali, krimu ikae kabatini. Wa kuchorwa ni chupa ya juzi, ile uliyomaliza kilichokuwamo ukaona haya kuitupa. Na hiyo haitakuwa ya kale kwa sababu umeigandishia ufunguo usiofungua mlango wowote.

Shangazi yangu, ambaye ameshona nguo maisha yake yote, hakubaliani nami. Nilipomwonyesha chupa zangu zilizovuliwa alizigeuza mkononi, akasema, "Mwanangu, hizi zimenyolewa." Kisha akafungua kopo lake la vifungo akatoa kimoja cha chaza, kimevunjika tundu moja, akaniambia kilitoka kwenye gauni la mama yake. Nilikifunga kwa uzi kwenye shingo ya chupa moja na sijakitoa. Kwa hiyo nakiri: kitu chenye historia yake kina haki ya kukaa pale. Tatizo langu ni lesi iliyonunuliwa asubuhi, ikachovywa kwenye chai mchana, na jioni ikawa ya bibi.

Pamoja na hayo, hata cha shangazi nimekifunga, sikukigandisha. Hapa nitagombana na bunduki ya gundi ya moto. Gundi hiyo hushika vizuri mbao na kitambaa, lakini kwenye kioo laini inajishikiza kwa kubahatisha. Chupa ikipoa ghafla, au unyevu ukiingia, inabanduka kipande kizima kama gamba la kidonda kikavu. Pia lesi iliyogandishwa haiwezi kuoshwa, na inachokifanya bora kuliko vyote ni kukusanya vumbi. Fundo unaweza kulifungua, ukaosha chupa, ukafunga tena au ukaghairi. Mchoro hauna kughairi, na kwangu hiyo inatosha: kitu kimoja cha kudumu, vingine vyote viwe wageni.

Kama ni lazima nitoe kipimo, ni pambo moja. Waya mwembamba wa shaba shingoni, au kamba mzunguko mmoja, au lebo ya karatasi inayoning'inia, na kamwe isisimame mbele ya mchoro. Mtindo wa kizamani uutafute kwenye umbo la herufi: zile zenye visigino, zilizopangwa kwa upinde ndani ya fremu rahisi. Au fanya kinyume, jambo ambalo wachache hulijaribu: bandika herufi zenyewe, paka krimu pembeni mwake tu hadi kwenye mpaka wa duara, na neno libaki wazi katikati ya ukungu. Weka kitu cheusi ndani ya chupa uone.

Lesi yangu niliivua mwezi uliopita. Ilikuwa imekauka kama ganda, na gundi ilitoka nayo bila ubishi wowote. Doa lipo, kwenye mkia wa R, lina umbo la ulimi. Sasa chupa hiyo inashika brashi zangu, na nikiiosha doa linapotea pamoja na herufi zote. Naifuta, naiweka dirishani. Doa ndilo hurudi la kwanza.