Kivuli cha Mti wa Avoka Si Mahali pa Simenti

Nyuma ya nyumba yetu hapa Muhumba, Bukavu, kuna mti mkubwa wa avoka, na chini yake palikuwa hapaoti kitu. Waridi tulilopanda lilirefuka likitafuta jua, likakonda, likafa. Bugenivilia ikatoa majani matupu. Basi fundi akaitwa aje kupima, pamwagwe simenti. Nilikataa.

Nilikataa kwanza kwa sababu ya mvua. Mji huu umekaa mlimani. Maji yasiponyweka kwangu yanashuka kwa jirani wa chini na udongo wake wote. Lakini pia niliona tunakilaumu kivuli bure. Bugenivilia na jakaranda asili yake ni Amerika Kusini, na zote zinataka jua. Sisi hatuko mbali na msitu wa Kahuzi-Biega, na msitu una maua yake yaliyozoea giza.

Mama jirani alinivunjia tawi la ua moja kama hilo: shina nene lililojaa maji, maua mekundu yenye njano yakining'inia shinani kama midomo ya kasuku. Wataalamu huliita Impatiens niamniamensis, nalo huota porini katika misitu ya Afrika ya Kati. Ulaya watu hulifuga ndani ya nyumba, maana baridi ya kule huliua. Hapa kwetu linaishi nje mwaka mzima, halafu wengi hatulijui.

“Usilipeleke juani, mwanangu,” aliniambia, “litalia.”

Kweli hulia. Likipigwa na jua la mchana majani hunyong'onyea kama yamemwagiwa maji ya moto. Ukilinywesha jioni, asubuhi yamesimama. Nilikata tawi la urefu wa kiganja, nikapunguza majani ya chini, nikalitia katika glasi ya maji mbali na jua. Lilipotoa mizizi nikalihamishia kwenye udongo uliochanganywa na majani yaliyooza. Majani ya avoka yanayodondoka siyafagii tena, yanatunza unyevu. Kuanzia Juni hadi Agosti namwagilia kila jioni, ila maji yasituame, shina litaoza.

Sasa ndege waitwao chozi wanakuja. Kila ua lina mkia uliojikunja wenye asali ndani, na ndege hao wadogo huingiza mdomo humo huku watoto wangu wakiwatazama kimya, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Ombi langu kwa atakayelitamani: asiende kulichimba hifadhini. Msitu ule unalindwa kama hifadhi ya taifa tangu 1970 na umeumizwa vya kutosha na vita, makala ya kupikia na mashoka. Tawi moja la jirani latosha. Langu limeshavunjwa mara nne, na dirishani sasa kuna glasi mbili. Moja ni ya dada yangu wa Panzi, ambaye fundi wake anakuja Jumamosi.